Pimbi Aliyepigiwa Kengele

Inatangazwa kwa wananchi wote wa kijiji cha Nakole na vitongoji vyake, waumini na wasiosali, wafiwa wote na hasa wale waliokula ubwabwa wa msiba ule wakarudia sahani ya pili, ya kwamba marehemu Joel, mwana wa Dorika, aliyezikwa kwa kengele na nyimbo mbele ya mashahidi wenye akili timamu, amechunguzwa na wataalamu na kuonekana si Joel. Ni pimbi. Tena si hawa pimbi wa kwenye mawe ya Masasi mnaowabanika jioni. Ni pimbi mkubwa kama ndama, aliyefariki miaka milioni ishirini na kitu iliyopita, bila mjane wala wosia. Husemwa kila msibani kuwa mwenzetu ametangulia. Huyu alitangulia kweli.

Tangazo hilo lilitolewa na mwenyekiti wa kijiji, Mzee Awadhi, akiwa ukingoni mwa kaburi lililofukuliwa asubuhi ileile, ndani ya koti la suti lililoshonewa mtu mwingine. Maneno yake halisi yalikuwa ya kiserikali zaidi, yamejaa mchakato na wadau, lakini ukiyakamua yalitoa maji hayohayo. Habari yenyewe kila mtu alishaijua tangu kiangazi kinaanza. Ndiyo maana ilitangazwa; pale Nakole jambo lisilojulikana halitangazwi. Alipomaliza alijipangusa uso, akamgeukia mwanamke aliyeketi juu ya kigogo cha mkorosho, kanga begani, mikono mapajani, akamwomba atoe neno kwa niaba ya familia na kwa niaba ya taifa.

Mwanamke huyo ndiye Dorika. Kabla hajafumbua kinywa ni haki tumjue, maana wapiga picha wa siku ile waliuliza kila kitu kuhusu pimbi na hakuna aliyemuuliza yeye hata jina la baba yake.

Alizaliwa hapohapo Nakole, chini ya ukingo wa uwanda wa Makonde, upande wa Chiungutwa, mahali ambapo ukiinua macho unaona Newala iko juu na ukiinua miguu unatamani ingekuwa chini. Kwao ni Waanglikana wa zamani. Babu wa mama yake alibatizwa na wamisionari, akapewa suruali, na ukoo mzima umetembea kwa kujisikia tangu siku hiyo. Aliolewa, akazaa Joel, na mumewe alikwenda Tunduru kutafuta vito. Akakipata kimoja, kinaitwa Stella, akakaa nacho hukohuko.

Dorika hakulia sana. Alikuwa na mikorosho yake michache, muhogo, mbaazi, na kazi moja ambayo haina mshahara lakini ina heshima kuliko uenyekiti: akifa mwanamke wa kanisani, aliitwa yeye kuosha. Mikono yake ilikuwa na utulivu fulani. Wanawake wa Nakole, hata wale waliogombana naye kisimani, walikuwa na uhakika mmoja kuhusu siku yao ya mwisho: Mama Joel atakuja na sabuni yake, atafunga mlango, na hatasimulia alichokiona.

Joel alivunjika mguu akiwa mdogo, alipoanguka kutoka kwenye mkorosho wa watu akiiba mabibo. Yalikuwa masika, barabara ya Ndanda imekatika, ikabidi aitwe mzee wa kuunga mifupa, akaufunga kwa vijiti. Mguu uliunga kweli, lakini uliungia ulikotaka wenyewe. Paja likapinda kama mpini uliosahauliwa juani. Joel akakua akitembea kama mtu anayeinamia kila hatua kuisikiliza. Vijana wenzake walisema Joel ana adabu, anaisalimia ardhi. Mwenyewe aliwajibu kuwa yeye ndiye mwanaume pekee wilaya nzima aliyeumbwa kutembea kwenye mteremko. Wamwache apande Newala kiubavu, wataona nani atafika amenyooka.

Pale ukingo wa uwanda ulipokatwa na maji kuna korongo linaloitwa Liputu. Juu udongo mwekundu, chini yake mchanga wa njano, na chini kabisa weupe kama unga wa muhogo. Weupe huo ndio chokaa ya Nakole. Kila mwaka Krismasi ikikaribia watu huchimba, hukoroga na maji na kupaka nyumba, na wanawake hutazamana kuta kwa jicho la pembeni, nani kang'aa na nani kaacha sebule yake ionekane kama banda. Mwaka huo Dorika alikuwa amekwisha kupaka mbele. Pembeni kulibaki na rangi ya tope. Joel alimwambia mama yake asijisumbue, mbele ndiko wageni wanakoangalia. Kisha akachukua jembe akaenda, kwa sababu alimjua mama yake.

Ukingo ulimshukia mchana kweupe. Watu walichimba, Waislamu na Wakristo, kwa majembe, kwa sufuria, kwa mikono, mpaka Mzee Awadhi alipokataza, kwa kuwa mlima ulikuwa bado unamwagika na ungechukua wengine. Walipata jembe. Walipata na kandambili moja, ya mguu mzima.

Sasa, kwao Dorika kuna jambo ambalo hata suruali ya wamisionari haikulifunika. Mtoto ni wa mjomba. Mjomba ndiye anayezika, na mjomba ndiye anayeanua matanga, na matanga hayaanuliwi bila kaburi. Mjomba mwenyewe alikuwa Optatus, kaka yake Dorika, fundi cherehani huko Newala, mtu wa kupima kila kitu. Aliteremka, akakaa mkekani siku za kutosha, akaitazama ile kandambili, akatamka kwamba kandambili haizikwi. Matanga yakabaki chini.

Mwenye matanga hanyoi nywele. Hakai kitini. Haendi kwenye harusi wala ngoma. Na lililo zito zaidi, hagusi maiti ya mwenzake, maana kifo chake mwenyewe hakijafungwa. Basi wanawake wakafa pale Nakole na kuoshwa na mikono mingine, na Dorika akawa anasikia vilio akiwa nyumbani kwake, mbele nyeupe, pembeni tope, nywele zimemfika mabegani kama za mtu asiye na kwao. Aliishi hivyo masika yakaja, yakaenda, yakaja tena.

Hayo ya pili ndiyo yaliyofumua Liputu. Agatha, jirani yake, alikuwa ameteremka kuchota maji kwenye chemchemi ya chini ya korongo, akaona mifupa imetokeza kwenye weupe, mingine imeangukia majini. Aliacha ndoo akaja mbio. Dorika alikwenda na beseni. Akaokota ubavu, akaokota pingili za mgongo, akaokota vidogo visivyojulikana ni vya wapi, halafu akaokota paja.

Limepinda. Katikati lina nundu, na kutoka kwenye nundu limeelekea pembeni.

Alikaa hapohapo ndani ya maji. Agatha alisimulia baadaye kuwa hakulia, ila alikuwa akilipapasa lile paja kama mtu anayetafuta swichi gizani.

Aliiosha mwenyewe nyumbani, kwa sabuni yake, mlango umefungwa. Mifupa ilikuwa mizito kama mawe. Watu wakasema udongo ule wa Liputu ndivyo ulivyo, unakula nyama unaacha jiwe. Bartholomayo, katekista, aliuliza kwa sauti ya chini vile vidogo mbona ni vingi. Akajibiwa ni vidole, naye akanyamaza, maana msibani mtu hahesabu vidole vya marehemu. Optatus aliteremka na futi yake ya kushonea shingoni. Akalipima paja, akajipima la kwake, akakunja uso. Lilikuwa fupi kidogo. Akafikiri, kisha akatoa hukumu ya kitaalamu: hata kitambaa kikikaa majini hupungua.

Joel akazikwa. Bartholomayo alipiga picha kwa simu mifupa ikiwa imepangwa juu ya shuka jeupe, kichwa tu kikikosekana, kisha akapiga kengele. Optatus akaanua matanga. Dorika akanyolewa, akaketi kitini, na kabla mwezi haujaisha aliitwa kuosha maiti ya mama mmoja wa kwaya. Alirudi jioni akinuka sabuni, akalala kama mtoto.

Kila Jumapili baada ya ibada alipita kaburini. Alikuwa amepanda maua, na mbuzi wa Mzee Awadhi walikuwa na maoni yao kuhusu maua. Ugomvi huo wa mbuzi ulikuwa, kwa kweli, furaha yake ya wiki. Mtu mwenye kaburi la kulinda ni mtu mwenye shughuli.

Ndipo walipokuja wataalamu. Walipiga mahema juu ya Liputu, wakiongozwa na mwanamama kutoka Dar es Salaam, Daktari Regina, na siku ya kwanza tu wazee wawili walikuwa wamekwisha kupanga foleni na maumivu yao ya mgongo. Akawaeleza kwa upole kuwa yeye ni daktari wa waliokufa zamani. Wakarudi nyumbani wakisema afadhali, hao hawalalamiki. Alieleza pia kuwa ule mchanga na ule weupe ni mashapo, matope ya mito na maziwa yaliyotulia tabaka juu ya tabaka kabla binadamu hajafikiriwa, na kwamba ndani yake mmelala visukuku, mifupa iliyogeuka mawe: wanyama wa kunyonyesha wa kale, panya wasio na jamaa tena duniani, vinyama vya jamii ya nyani vya kukaa kiganjani, na pimbi wakubwa ajabu. Kwenye karatasi zao waliuita mwamba huo Tabaka la Nakole. Kijiji kilivimba kwa fahari. Maji ya bomba bado, lakini tabaka tunalo.

Walipata fuvu. Lilikuwa limeng'ang'aniwa na mwamba, meno yote yapo, na nyuma yake hakuna kitu. Mwili umekwenda na maji. Bartholomayo, katika kusaidia, na mtu huyu hajawahi kusaidia akaishia hapo, alimwambia Daktari Regina kuwa mifupa ya namna hiyo wao wanaijua, hata marehemu wao mmoja aligeuka jiwe hivyohivyo. Akatoa simu. Regina akaitazama ile picha. Akaikuza kwa vidole, akaikuza tena. Halafu akauliza kwa sauti ndogo, picha hiyo ni ya nani.

Kilabuni kwenye uraka, pombe ya mabibo, habari ilifika kabla ya jua kuzama, na huko haikupewa hata kiti, ilipokelewa imesimama. Mmoja akasema ubwabwa ule sasa anaujutia. Mwingine akasema hapana, pimbi tumewala miaka yote, huyu ndiye wa kwanza ambaye tumekula kwa niaba yake. Dorika alipopita na kuni, kijana mmoja akamwamkia shikamoo kwa adabu zote, akapokea marahaba yake, halafu akamwonyesha pimbi aliyekuwa akijiota jua mwambani, akamwambia mjukuu wako yule, Mama Pimbi, anakusubiri. Wakacheka. Hata yeye alijaribu kucheka, midomo ikakataa.

Hilo lingepita, dhihaka ya uraka hutoka na mkojo. Lisilopita lilikuja kwa kimya. Alikufa bibi mmoja wa upande wa kanisani na Dorika akaandaa sabuni yake. Hakuitwa. Alikaa kizingitini mpaka akasikia nyimbo zinaelekea makaburini. Agatha ndiye aliyekuja kumwambia, akiangalia chini.

"Usinichukie, Mama Joel. Wanasema matanga yako hayakuanuliwa. Kwamba wewe bado."

Bado. Neno dogo hilo. Maana yake ni kwamba Joel hajazikwa, kwamba nywele zianze upya, kwamba kiti kirudishwe kwa wenyewe. Optatus naye alituma ujumbe kutoka Newala kuwa yeye kama mjomba amefadhaika, lakini kama wataalamu wanataka kufukua hana kinyongo, mradi katika picha asimame mbele. Daktari Regina alipopata ruhusa hiyo hakuitumia. Alisema hafukui kaburi kwa ruhusa ya futi, atamwuliza mama.

Alikuja peke yake, akavua viatu, akaamkia, akaketi mkekani. Dorika alikuwa akipukuchua mbaazi, hakuacha. Alikuwa amekwisha kuandaa maneno ya kumfukuza nayo, marefu, yenye laana ndani, ila lilipofika la kwanza likatoka jingine.

"Mbona mguu wake umepinda?"

"Ulivunjika, mama. Akiwa bado anakua. Ukaunga vibaya."

"Nani alimfunga?"

Regina alifikiri. "Hakuna wa kumfunga. Alijikokota hivyohivyo mpaka ukaunga."

"Na chakula?"

"Alikula majani ya karibu, nadhani. Pengine wenzake walikuwa wakimsubiri. Hilo mwamba hausemi."

Dorika aliendelea na mbaazi. Punje zikaanza kuangukia nje ya ungo, naye haoni. Akasema anataka kukiona hicho kichwa.

Walikwenda wote wawili. Kule Liputu alipita pale ukingo uliposhuka, sasa pameota nyasi, akasimama kidogo, akaendelea. Fuvu lilikuwa chini ya turubai, nusu mwambani, nusu nje, meno yamepauka. Mnyama. Hata asiyesoma angejua ni mnyama. Alichuchumaa akalitazama muda mrefu, kisha akauliza bila kugeuka kama katika kuchimba kwao wamewahi kukutana na mtu. Regina akamjibu hapana. Akauliza kama watachimba pale penye nyasi. Regina akamjibu hapana, mama, pale mlima wote utashuka. Hakuna mtu atakayechimba pale, si sisi, si wengine. Hakumpamba wala hakumtia moyo. Labda ndiyo sababu Dorika alimwamini.

Upepo ulilitikisa turubai. Dorika akanyoosha mkono, ule mkono wake wa kuoshea, akafuta vumbi kwenye paji la lile fuvu, kutoka katikati kwenda pembeni, kama anavyofanya siku zote.

"Kwa hiyo kichwa chake kiko huku na miguu iko kwangu."

"Ndiyo, mama."

"Mchukueni. Mimi nimekaa na kandambili. Najua kunavyokuwa."

Ndivyo tulivyofika kwenye asubuhi ile ya koti la suti. Kaburi lilifukuliwa kwa brashi na vijiko, polepole, na kijiji kizima kilikiri kuwa marehemu hajawahi kubembelezwa hivyo tangu kuumbwa kwake. Optatus alisimama mbele, futi shingoni, akatokea katika kila picha. Bartholomayo alihangaika na swali la kengele: ya kuzikia aliijua, ya kuzikua hakufundishwa. Akaamua kushika kamba bila kuivuta. Mbavu, pingili, vile vidole vilivyozidi, na mwisho paja, vikafungwa pamba, vikalazwa kwenye masanduku, masanduku yakapakiwa garini. Dorika aliomba jambo moja tu, sanduku la paja lisiwekwe chini ya mengine. Regina akapanda nalo kwenye kiti cha mbele, akalipakata.

Msalaba wenye jina la Joel uling'olewa, ukaegemezwa ukutani mwa kanisa, maana hakuna aliyejua uende wapi. Kule korongoni Joel alikuwa na udongo mwingi bila kaburi. Hapa sasa palikuwa na kaburi bila mtu. Optatus alikuwa ameshamnong'oneza dada yake kuwa la matanga watalizungumza, lina ugumu wake, asianze kunyoa kwanza.

Hapo ndipo Mzee Awadhi alipotangaza aliyoyatangaza. Akalisifu Tabaka la Nakole, akamsifu pimbi kwa uvumilivu wake, akamsifu mama mzalendo aliyemtoa marehemu wake kwa ajili ya elimu ya vizazi. Watu wakapiga makofi. Kisha, kama tulivyosema, akampa nafasi atoe neno. Simu zikainuliwa. Hata walevi wa kilabuni wakasogea.

Dorika aliinuka, akajifunga kanga vizuri. Alilitazama shimo, weupe wake kule chini, maua yaliyotupwa pembeni na mizizi yake. Nyuma ya watu mbuzi wawili walikuwa wamekwisha kuyafikia.

"Lifukieni, Mzee Awadhi," akasema. "Mbuzi wako watatumbukia."